Las Vegas na mandhari yake

Las Vegas ni mji mkubwa kuliko yote katika jimbo la Nevada, Marekani. Uko katika bonde la jangwa la Mojave, mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari. Sensa ya 1950 iliwakuta humo watu 24,624. Ile ya 2020 ikahesabu 641,903, na Kaunti ya Clark nzima ikapita milioni 2.2. Mvua ya mwaka ni kama milimita 106 tu. Tarehe 7 Julai 2024 joto lilifika nyuzi 48.9 za Selsiasi.

Jina lake ni la Kihispania na maana yake ni mbuga za majani, kwa kuwa chemchemi zilibubujika hapo katikati ya ukame. Wapaiute wa Kusini, wanaojiita Nuwuvi, waliyategemea maji hayo muda mrefu kabla Wamormoni hawajajenga ngome yao mwaka 1855. Reli ilipofika, viwanja vikauzwa kwa mnada tarehe 15 Mei 1905, na ndipo mji ulipoanza. Kamari ilihalalishwa 1931. Visima navyo viliendelea kuchimbwa, maji yakanyonywa chini kwa chini, hata chemchemi zikaacha kutiririka mwaka 1962. Mahali pake sasa pana hifadhi na makumbusho, Springs Preserve. Mgeni anayetaka kuuelewa mji huu ingefaa aanzie hapo kabla hajaiona kasino hata moja.

Kasino mashuhuri zimejipanga kando ya barabara iitwayo Strip, ambayo kwa sehemu kubwa haimo hata ndani ya mipaka ya mji, bali katika eneo la Paradise.

Maji ya leo, karibu sehemu tisa kwa kumi, yanatoka mto Colorado kupitia ziwa Mead, nyuma ya bwawa la Hoover. Bwawa hilo lenye kimo cha mita 221 lilizinduliwa na Rais Franklin D. Roosevelt mwaka 1935, na ni mwendo mfupi wa gari kutoka mjini. Kati ya majimbo saba yanayogawana mto huo, Nevada ndiyo yenye mgawo mdogo kabisa. Mji umejifunza kuishi nao: maji yaliyotumika ndani ya nyumba, hata ya chooni, husafishwa na kurudishwa ziwani. Yanayopotea hasa ni yale yanayomwagwa nje, na kwa sababu hiyo sheria ya 2021 inakataza, kuanzia 2027, kumwagilia maji ya Colorado nyasi za mapambo zisizokanyagwa na mtu, isipokuwa kwenye nyumba za familia moja moja. Hata hivyo, Julai 2022 ziwa lilishuka kuliko wakati wowote tangu lilipojazwa miaka ya 1930. Mkanda mweupe kwenye miamba ya kingo zake unaonyesha maji yalikofika zamani.

Upande wa magharibi, kilomita 27 hivi kutoka Strip, iko Red Rock Canyon, yenye barabara ya mzunguko ya kilomita 21. Miamba yake ya mchanga ilikuwa vilima vya jangwa miaka milioni 180 hivi iliyopita. Wekundu wake ni kutu ya chuma. Juu yake yamelala mawe ya kijivu ya chokaa yenye umri mkubwa zaidi, yaliyosukumwa hapo na nguvu za ardhi, hivyo mkongwe amempanda kijana. Mstari wanapokutana huonekana kwa macho. Kati ya Oktoba na Mei gari huingia kwa kuweka nafasi mapema.

Valley of Fire, kaskazini-mashariki, ina michoro ya kale iliyochongwa kwenye miamba. Mlima Charleston (mita 3,632) una misonobari, na theluji wakati wa baridi. Grand Canyon si jirani kama wengi wanavyodhani: ukingo wa magharibi, katika ardhi ya Wahualapai, ni saa mbili na zaidi kwa gari, na ule wa kusini ni zaidi ya saa nne.

Miezi mizuri ya kutembea ni Oktoba hadi Aprili. Julai na Agosti huja ngurumo za radi, na makorongo makavu huweza kujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha mbali, huku anayetembea ndani yake akiwa bado juani.