Biashara ya mbao ngumu kutoka mashariki ya Kongo

Biashara ya mbao ngumu kutoka mashariki ya Kongo ni uuzaji wa mbao za miti ya asili zinazopasuliwa katika misitu ya Ituri na Kivu Kaskazini, kisha zikavushwa kwa malori hadi Uganda na Kenya. Miti inayotafutwa zaidi ni mahogani (mkangazi), libuyu na mvule. Mnunuzi wa mwisho huikuta mbao ikiwa tayari ni mlango, kitanda au fremu ya dirisha katika karakana za Kampala au kando ya Ngong Road jijini Nairobi, na ni nadra kuuliza mti wake ulisimama wapi.

Kazi huanzia mbali na barabara, katika maeneo kama Mambasa na Beni. Mti ukishaangushwa haukokotwi mzima, kwa kuwa hakuna njia wala mashine ya kuukokota. Fundi wa msumeno wa mnyororo huupasua palepale, akifuata mstari uliopigwa kwa uzi uliochovywa kwenye oili chafu. Mnyororo ule hula karibu sentimita moja ya mti kila unapopita, na kwa kuwa mkono ndio unaoongoza, ubao mmoja huweza kuwa mnene upande huu na mwembamba upande ule. Zaidi ya nusu ya gogo hubaki msituni ikiwa unga na mabanzi. Mvule una taabu yake: ndani ya shina hujificha vijiwe vya chokaa, na msumeno ukigonga kimoja meno hufa papo hapo. Mbao zinazopatikana hubebwa begani au kichwani, ubao kwa ubao, hadi mahali lori linapoweza kufika.

Anayepasua na anayebeba ndio wanaopata kidogo zaidi. Mara nyingi fedha za kuanzia kazi hutoka kwa mfanyabiashara wa Butembo au Beni, naye huenda ametangulizwa fedha na mnunuzi wa Uganda au Kenya, hivyo bei huwa imekwisha kupangwa kabla mti haujaanguka. Butembo ni mji wa Wanande, watu waliojijengea sifa kubwa katika biashara, na ng'ambo ya mpaka, upande wa Kasese, wanaishi Wakonzo wanaozungumza lugha iliyo karibu sawa na yao. Undugu huo, pamoja na Kiswahili, umerahisisha mikopo na makubaliano ya mdomo kwa miaka mingi.

Njia kuu ya kusini hupitia Kasindi na kuingia Uganda kwa Mpondwe. Ya kaskazini hupitia Mahagi na Goli, au soko la Ariwara na kutokea Arua. Kutoka hapo mzigo huelekea Kampala, ambako mtaa wa Ndeeba umejaa maghala ya mbao, na sehemu yake huendelea kupitia Busia au Malaba hadi Kenya, ikiwemo Gikomba, Nairobi.

Mpakani ndipo penye kiini cha biashara hii. Sheria ya misitu ya Kongo ya mwaka 2002 inataka kibali cha kuvuna, na vibali vya wavunaji wadogo ni vya raia wa Kongo peke yao. Hata hivyo, utafiti wa taasisi ya Chatham House ya London uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba karibu asilimia 90 ya ukataji miti nchini humo ni haramu au haufuati utaratibu rasmi, na kwamba wingi wake ni wa wavunaji wadogo wanaolisha soko la ndani na la nchi jirani. Mbao hizo zikifika forodhani, aina ya thamani huandikwa kuwa aina ya bei ndogo, na ujazo hupunguzwa kwenye karatasi. Zikishalipiwa ushuru na kugongwa muhuri, zinakuwa mali halali ya nchi ya pili, hata kama katika nchi ya kwanza hazikuwahi kuwa halali. Hakuna sehemu nyingine ya safari nzima inayobadilisha hadhi ya ubao kiasi hicho, na haihitaji zaidi ya saa chache.

Vita vimeongeza mzigo juu ya mzigo. Jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa, katika ripoti yake ya Aprili 2001, lilitaja mbao miongoni mwa mali zilizochotwa Kongo wakati majeshi ya kigeni yalipokuwa nchini humo. Tangu hapo makundi yenye silaha yamekuwa yakitoza malipo njiani, na wapasuaji huko Beni na Ituri hufanya kazi wakijua wanaweza kushambuliwa.

Kenya ina sehemu kubwa katika habari hii kuliko inavyokiri. Ilisimamisha uvunaji katika misitu ya umma mwaka 1999, ikafanya hivyo tena Februari 2018, na zuio hilo la pili likaondolewa Julai 2023. Lengo lilikuwa jema: kuokoa vyanzo vya maji. Lakini ujenzi wa nyumba haukusimama, na mahitaji yakazidi kuelekea misitu ya majirani. Msitu uliolindwa nyumbani ukalipiwa na msitu wa mwingine.

Na msitu wa Ituri si ghala la mbao. Sapeli, mmoja wa miti ya jamii ya libuyu, hupita mita 45 kwa urefu na hulisha viwavi wanaoliwa na kuuzwa sokoni; ukikatwa, kitoweo cha msimu kinaondoka nao. Wambuti, ambao wameishi humo vizazi na vizazi kwa kuwinda na kurina asali, hupoteza miti ya nyuki bila kuulizwa.

Mataifa ya eneo hili yamewahi kukubaliana. Septemba 2015, huko Durban, Kenya, Uganda, Tanzania, Msumbiji na Madagaska zilitia saini Azimio la Zanzibar dhidi ya biashara haramu ya mbao. Kongo, chanzo cha mbao nyingi zinazozungumziwa, haikuwemo. Novemba 2022, mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya viumbe vilivyo hatarini, uliofanyika Panama uliweka mahogani ya Afrika chini ya udhibiti wa kimataifa, lakini uamuzi huo haukugusa libuyu wala mvule.

Mwaka huohuo wa 2022 Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, huku Uganda ikiwa imeanza kujenga barabara ndani ya Kongo, ikiwemo ile ya Kasindi hadi Beni. Lami itapunguza gharama ya kila lori, la halali na la haramu. Kwa hiyo Mpondwe, Goli na Malaba zina deni moja lililo wazi: kudai kibali cha kuvuna kilichotolewa Kongo kabla ya kupokea ushuru wa ubao wowote.