Mafundi wa Kukwangua Fuvu Walikuwa Hapo Jirani Tu

Wadau wa Geita na Shinyanga, nani kawaambia kupasua kichwa kulianzia kwa wazungu? Kule Kisii, Kenya, na kwa Wakurya wa hapo Tarime, mafundi wa kazi hiyo walikuwepo. Wakisii humwita omobari omotwe. Mtu kapigwa rungu, kichwa kinauma miezi hakiachi, anapelekwa kwake. Na hakuna nusu kaputi, aisee! Ngozi inachanwa kwa kisu, kisha mfupa unakwanguliwa taratibu kwa chuma kilichopinda ncha. Keekee ya nini? Ikipitiliza kidogo tu, ubongo huo. Miaka ya 1950 daktari wa akili kutoka Canada, Edward Margetts, aliwafuatilia, akakutana na waliopasuliwa wakiwa hai. Halafu mtu anawaita waganga wa kienyeji. Mimi nasema madaktari. Bisheni hapo chini.