Kovu la moto likivuta, sio mwisho wa safari

Wadau, milima ya Upare ina baridi. Kuanzia Juni mpaka Agosti, kule Chome, Mbaga au Mamba, watoto wanashinda jikoni pembeni ya mafiga, na sufuria la uji likipinduka ndo balaa. Wengine ni watu wenye kifafa, wanaangukia motoni. Kidonda kinapona, ila baada ya miezi kadhaa vidole vimekunjika au kidevu kimevutwa kifuani. Mtaani wanasema "huyo ndo kilema tayari". Si kweli, kuna upasuaji.

KWA NINI KOVU LINAVUTA?
Moto ukiingia ndani ya ngozi, kidonda kinajifunga kwa kujivuta kutoka pembeni, kama mdomo wa gunia unavyokazwa kwa kamba. Kovu ni gumu, halinyumbuki kama ngozi. Likiwa shingoni, kwapani, kwenye kiwiko au vidole, linakunja kiungo. Kwa mtoto ni zaidi: yeye anakua, kovu halikui naye.

DAKTARI ANAFANYA NINI?
Mgonjwa anapigwa nusu kaputi. Kovu jembamba kama kamba linakatwa kwa umbo la herufi Z, pembe mbili za ngozi zinabadilishana nafasi, na kovu linarefuka. Kovu pana linakatwa mpaka kiungo kiachie, halafu pengo linazibwa kwa ngozi, mara nyingi ya pajani.

Kwa kawaida wanasubiri kovu litulie, kama miezi 6 hadi 12. Lakini kope isiyofunga haisubiri, maana jicho linaweza kupofuka. Shingo nayo usiichelewesha: isiponyooka, hata kupitisha mpira wa kupumulia wakati wa nusu kaputi ni kazi.

NUSU YA KAZI NI BAADAYE
Hapa ndo wengi wanakwama. Baada ya upasuaji lazima uvae banzi na kufanya mazoezi ya kunyoosha kiungo kwa miezi. Ukirudi mlimani ukavua banzi ukashika jembe, kovu linavuta tena, unaanza moja. Ndo maana Arusha kuna Plaster House, nyumba iliyofunguliwa 2008, ambako watoto waliopasuliwa wanakaa mpaka wapone sawasawa.

UANZIE WAPI?
Anza Hospitali ya Wilaya ya Same, au Gonja kama uko upande ule, uombe rufaa ya KCMC Moshi, kama kilomita 100 kutoka Same mjini. Dar kuna Muhimbili na CCBRT. Hela ikiwa ngumu, usirudi nyumbani kimya kimya: ulizia ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hospitali, wao ndo wanashughulikia misamaha.

MTU AKIUNGUA LEO
Mmwagie maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, majivu na unga, hapana! Kisha hospitali. Wakati kidonda kinapona, kiungo kikae kimenyooka hata kama kukikunja kunapunguza maumivu, na kila kidole kifungwe bandeji peke yake.

Kama kuna mtoto kijijini kwenu ameshindwa kushika kalamu sababu ya kovu, waambie wazazi wake. Wengi wao hawasomi hapa, wewe unasoma.