Kura ndani ya bahasha: Birmingham, Soweto na kwetu



Kila uchaguzi unapokaribia huko nyumbani naulizwa swali lile lile: "Wewe uliyeko Joburg unapigaje kura? Si wakutumie karatasi kwa posta, uweke alama, uirudishe?" Jibu fupi ni kwamba haikuwezekana. Hadi uchaguzi wa 29 Oktoba 2025, Mtanzania aliyeko nje ya nchi hakuwa na njia ya kumchagua diwani, mbunge wala rais. Jibu refu lina historia ndani yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita hapa hapa Johannesburg. Kaeni vizuri, leo ni kisa kirefu kidogo.

Tuanze na hiyo posta. Uingereza ilifungua njia mwaka 1918, kwa sababu vita kuu ya kwanza ilikuwa imewapeleka mamilioni ya vijana mbali na makwao. Baada ya vita ya pili, mwaka 1948, raia wa kawaida nao waliruhusiwa, lakini kwa sababu maalumu kama ugonjwa au kazi. Ilipofika 2001 sababu zikaondolewa. Mtu yeyote akitaka, anaomba tu.

Hapa nina neno kwa wale wa kwetu walioko London na Birmingham, maana wengi hawalijui. Mtanzania, Mkenya au Mganda anayeishi Uingereza kihalali ni raia wa Jumuiya ya Madola, kwa hiyo anaweza kujiandikisha na kumchagua diwani wa eneo lake bila pasipoti ya Uingereza. Akiomba kura ya posta analetewa karatasi ya kura, bahasha mbili na fomu. Karatasi ya kura inaingia bahasha ndogo. Kwenye fomu anaandika tarehe ya kuzaliwa na kutia sahihi. Vyote viwili vinaingia bahasha kubwa. Sahihi na tarehe zinalinganishwa na zile alizotoa wakati wa kuomba, halafu bahasha ndogo inatengwa na fomu kabla ya kuhesabu, ili asijulikane nani kampa nani.

Utaratibu mzuri huo, lakini binadamu ni binadamu. Katika uchaguzi wa madiwani wa Birmingham mwaka 2004, kura za posta ziliibwa na kujazwa na watu wengine. Mwaka 2005 Jaji Richard Mawrey alifuta matokeo ya kata mbili, Aston na Bordesley Green, na madiwani sita wakapoteza viti. Hapo ndipo ukaguzi wa sahihi na tarehe za kuzaliwa ulipokazwa. Tangu 2024 wapambe wa vyama hawaruhusiwi kushika kura za posta za watu wasio wa familia zao. Bahasha ikishatoka mkononi mwa mpiga kura, inahitaji mlinzi.

Sasa tuje Johannesburg. Kwa miaka mingi udiwani wa jiji hili ulikuwa wa wazungu peke yao. Soweto, yenye watu wengi kuliko miji mingi ya kwetu, ilipewa baraza lake mwaka 1968, Urban Bantu Council, kwa kifupi UBC. Baraza hilo halikuwa na meno, na vijana wakazigeuza herufi zile kuwa "Useless Boys Club", yaani klabu ya wavulana wasiofaa kitu. Baada ya maandamano ya wanafunzi ya 1976 serikali ikaleta baraza jingine, na uchaguzi wake wa mwanzoni mwa 1978 ukapata asilimia 6 tu ya wapiga kura. Wakaleta jingine tena mwaka 1983, wakapata kama asilimia 11. Watu hawakuwa wavivu. Kutokwenda kituoni ndiyo ilikuwa kura yao.

Ubaya ni kwamba mabaraza yale yaliachiwa kazi ya kupandisha kodi za nyumba. Tarehe 3 Septemba 1984, kusini mwa jiji, huko Sharpeville na Sebokeng, watu waliinuka kupinga kodi mpya. Naibu meya, Kuzwayo Jacob Dlamini, akauawa nje ya nyumba yake. Ndugu zangu, anayedhani udiwani ni mambo madogo na asome habari za mwaka ule.

Ndipo tunafika 26 Oktoba 1988. Serikali ya makaburu iliitisha uchaguzi wa mabaraza ya miji nchi nzima, kila rangi na baraza lake, na ikaruhusu watu kupiga kura kabla ya siku yenyewe. Sababu iliyotolewa ni kuwalinda wapiga kura wasitishwe na wanaogomea. Wapinzani wakauliza: hizo kura zitakazokaa kabla ya kuhesabiwa, nani anazilinda? Nani anajua mzee fulani alikwenda kwa hiari yake au alibebwa kwenye basi la mgombea?

Swali hilo Wazanzibari mnalijua bila kufundishwa. Tarehe 27 Oktoba 2020, siku moja kabla ya uchaguzi, ilipigwa kura ya mapema ya askari na watendaji wa uchaguzi, na upinzani ukaipinga kwa hoja iyo hiyo ya ulinzi.

Cha ajabu, Afrika Kusini huru haikuitupa kura ya mapema. Iliipa masharti. Jiji la Johannesburg lilipata baraza moja kwa wote katika uchaguzi wa 5 Desemba 2000. Kuanzia uchaguzi wa madiwani wa 2011, Tume ya Uchaguzi iliruhusu kura maalumu. Mwaka 2021 zilipigwa tarehe 30 na 31 Oktoba, na uchaguzi wenyewe ukawa 1 Novemba. Aliyeomba mapema anaweza kupiga kituoni kwake, na asiyeweza kutoka kwa ugonjwa au ulemavu anafuatwa nyumbani na maofisa. Kura inaingia bahasha isiyo na jina, hiyo inaingia bahasha ya pili yenye maelezo ya mpiga kura. Ni zile zile bahasha mbili za Uingereza, ila hapa hazikabidhiwi posta. Kila nikifikiria hilo nawakumbuka bibi zetu wanaobebwa na wajukuu hadi kituoni.

Na walioko nje? Mwaka 2009 mwalimu mmoja, Willem Richter, aliyekuwa akifundisha Uingereza, alidai haki ya kupiga kura akiwa huko. Mahakama ya Katiba, ambayo iko hapa jijini kwenye kiwanja cha gereza la zamani la Old Fort, ilimpa haki hiyo tarehe 12 Machi 2009. Lakini wanaopigia balozini wanachagua bunge la taifa tu. Diwani hapana. Majirani zetu Wakenya nao ni hivyo hivyo: walianza 2013 na nchi za Afrika Mashariki, 2017 wakaongeza Afrika Kusini, na 2022 wakafika nchi 12. Wote wanachagua rais tu.

Mimi naona hapo wamepatia. Ninachangia darasa na zahanati ya mtaani kwetu, na ninapenda sana kuwa na sauti. Lakini anayekunywa maji ya kile kisima kila asubuhi ni nyinyi. Diwani mbaya hanichelewi mimi, anawachelewa nyinyi. Rais ni jambo jingine, maana pasipoti yangu na ubalozi wangu viko chini yake, na hiyo kura nitaendelea kuidai. Siku ile ya Oktoba 2025 intaneti ilipozimwa, tuliokuwa huku tulikosa hata sauti zenu. Ndipo nilipojua vizuri maana ya kuwa nje ya chumba.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Uchaguzi wa serikali za mitaa una orodha yake ya wakazi, na mwaka 2024 uandikishaji ulikuwa wa siku kumi tu, 11 hadi 20 Oktoba. Mwenye kadi ya mpiga kura akadhani inatosha alijikuta nje. Safari ijayo, mtangazo ukitoka nendeni siku ya kwanza, mkamchukue na mama mdogo asiyesoma. Halafu jioni msiondoke haraka. Kaeni kwa utulivu panaporuhusiwa, msubiri matokeo yabandikwe.

Wasalimieni wote. Mwenye swali aniandikie, nitajibu.