Madini joto: historia ndefu ya kitu kidogo

Leo naomba tuache siasa kidogo tuzungumzie chumvi. Ndiyo, chumvi hii hii ya ugali na maharage. Wiki iliyopita niliwauliza rafiki zangu watano, wote wana digrii, maneno "chumvi yenye madini joto" yaliyoandikwa kwenye pakiti yana maana gani. Wawili walisema ni chumvi inayoupa mwili joto. Mmoja akasema ni mbinu ya biashara tu. Wawili waliobaki walicheka, wakaagiza chai nyingine.

Madini joto hayana joto lolote. Ni iodini. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 hivi kwa siku, na mama mjamzito 250. Ukijumlisha mahitaji ya maisha yako yote, kijiko kimoja cha chai kinatosha. Tatizo ni kwamba huwezi kukinywa chote leo ukamaliza kazi. Mwili hauna ghala kubwa la iodini, kwa hiyo lazima uipate kidogo kidogo, karibu kila siku.

Kazi yake ni nini? Hapo mbele ya koo kuna tezi ya thairoidi, na homoni zake hutengenezwa kwa iodini. Iodini ikipungua, tezi inajitanua ili ikamate kila chembe inayopita kwenye damu, na shingo inavimba. Huo ndio ugonjwa ambao kamusi zinauita rovu na wengi mnaujua kwa jina la goita. Lakini uvimbe ni sehemu inayoonekana tu. Homoni hizo hizo ndizo zinazojenga ubongo wa mtoto tumboni. Mama akipungukiwa sana, mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi, amedumaa mwili na akili, na hakuna dawa ya kumrudisha. Akipungukiwa kidogo, mtoto anazaliwa akionekana mzima kabisa, halafu darasani tunamwita mzito. Hebu fikirini ni watoto wangapi waliochapwa viboko kwa kosa la udongo wa kijijini kwao.

Nasema udongo kwa sababu chanzo ni hicho. Mvua za karne nyingi huosha iodini milimani na kuipeleka baharini, kwa hiyo mahindi, viazi na maziwa ya huko juu vinakuwa na iodini kidogo sana. Ndio maana ugonjwa huu ulitamba katika milima ya Alps, Andes na Himalaya, na kwetu katika Nyanda za Juu Kusini.

Safari ya kulijua hili ilichukua zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1811 Mfaransa Bernard Courtois alikuwa akichemsha majivu ya mwani kutafuta malighafi ya baruti, akaona mvuke wa zambarau. Ndiyo iodini hiyo. Mwaka 1820 daktari Jean-François Coindet wa Geneva akawapa wagonjwa wa rovu, na uvimbe ukapungua. Watu wakaifurahia mno, dozi zikawa kubwa kupita kiasi, wengine wakadhurika, na dawa ikapata jina baya. Miaka ya 1830 Jean-Baptiste Boussingault, aliyekuwa amefanya kazi Amerika Kusini, alieleza kuwa watu waliotumia chumvi fulani yenye iodini kiasili hawakuvimba shingo, akashauri chumvi hiyo igawiwe. Miaka ya 1850 Adolphe Chatin akapima iodini katika maji na udongo na kusema waziwazi kwamba upungufu ndio chanzo. Wakubwa wa sayansi mjini Paris hawakukubaliana naye. Vizazi viwili vingine vikapita.

Uthibitisho ambao haukuacha ubishi mwingi ulitoka Akron, Ohio, nchini Marekani. Kuanzia mwaka 1917 David Marine na Oliver Kimball waliwapa wasichana wa shule dozi ndogo za iodini na kuwalinganisha na wenzao ambao hawakupewa. Kati ya 2,190 waliopewa, 5 tu walivimba tezi. Kati ya 2,305 ambao hawakupewa, waliovimba walikuwa 495. Hata asiyejua hesabu anaona tofauti hiyo.

Swali likabaki: utawafikiaje watu wote, kila siku, bila kuwapanga foleni? Uswisi ikajibu kwa chumvi. Daktari Otto Bayard aliijaribu mwaka 1918 katika vijiji vya milimani, na mwaka 1922 jimbo la Appenzell Ausserrhoden likaanza kuiuza baada ya daktari Hans Eggenberger kuipigania. Michigan ya Marekani ikafuata mwaka 1924, miaka michache baada ya jeshi kugundua kuwa vijana wengi wa huko wana rovu. Wazo ni rahisi. Tajiri na maskini wote wanakula chumvi, tena kiasi kile kile karibu kila siku, na hakuna anayezidisha kwa sababu ulimi utamkataza.

Sasa turudi nyumbani. Mimi kwetu ni Makete, kwa Wakinga. Mwaka 1965 Michael Latham, daktari aliyefanya kazi nchini, alichapisha matokeo ya upimaji wake Ukinga: karibu watu watatu kati ya wanne walikuwa na rovu. Ilikuwa ni kati ya viwango vya juu kabisa vilivyokuwa vimeripotiwa Afrika. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Uvimbe wake haukuwa siri wala ajabu, maana mashosti zake wote walikuwa nao. Alikuwa akifunga kitambaa shingoni siku za kwenda kanisani, basi. Ukiishi mahali ambapo watatu kati ya wanne wanaumwa, ugonjwa unageuka sura ya kabila, na wa mabondeni wanaanza kuamini ni laana au ukoo.

Taasisi ya Chakula na Lishe ilianzishwa mwaka 1973. Watafiti wake walizunguka wilaya kwa wilaya wakipapasa shingo za watoto wa shule, na picha iliyotoka ilitisha. Kungoja viwanda vya chumvi kungechukua miaka, kwa hiyo kuanzia mwaka 1986 hadi 1994 serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye iodini katika wilaya 27 zilizoathirika zaidi. Vilifikia watu zaidi ya milioni 5. Zoezi halikuwa kamilifu, kwani kuna mahali ugawaji ulichelewa na wengi wakakosa dozi iliyofuata. Lakini ilikuwa hatua ya dharura, nayo ilifanya kazi ya dharura.

Kilichofuata ndicho kilichodumu. Mwaka 1990 mkutano wa dunia kuhusu watoto uliofanyika New York uliweka lengo la kumaliza upungufu wa iodini. Tanzania Bara ikaanza kutia madini joto kwenye chumvi, na mwaka 1994 ikaweka kanuni za kulifanya hilo kuwa sharti. Uvinza, ambako watu wamechemsha maji ya chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, nako kukaingia katika mpango. Kinachotumika ni potasiamu iodeti, kwa sababu inastahimili unyevu na joto la kwetu kuliko iodaidi. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2004 ukaonyesha kaya 83.6 kwa mia zinatumia chumvi yenye iodini, na rovu kwa watoto wa shule imeshuka kutoka asilimia 25 ya miaka ya 1980 hadi takribani asilimia 7. Ndugu zangu, hiyo si hadithi ya wafadhili. Ni watoto wa Mbeya, Rukwa, Ruvuma na Kigoma.

Je, akili nazo ziliongezeka? Mwaka 2009 wachumi Erica Field, Omar Robles na Maximo Torero walichapisha utafiti kuhusu watoto wa Tanzania ambao mama zao walifikiwa na vidonge. Walikadiria kuwa watoto hao walisonga mbele shuleni kati ya theluthi na nusu ya mwaka zaidi ya wenzao, na wasichana ndio walionufaika zaidi. Habari tamu, na imenukuliwa kila kona. Lakini watafiti wengine waliporudia hesabu hizo baadaye walisema matokeo hayasimami imara hivyo. Nawaambia yote mawili makusudi. Kwamba ubongo wa mtoto tumboni unahitaji iodini halina ubishi, ila ukubwa wa faida tuliyopata shuleni kutokana na vidonge vile bado ni mjadala, na mtu akikutajia namba moja kwa kujiamini sana, muulize maswali.

Halafu kuna Pemba. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba watu wa visiwani hawana shida hii. Bahari imewazunguka, samaki wanakula, iodini itawakosaje? Matokeo ya utafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 yalipindua dhana hiyo: theluthi hivi ya watoto wa shule waliopimwa Pemba walikuwa na tezi iliyovimba. Unguja, kaya zaidi ya 60 kwa mia zilikuwa na chumvi yenye madini joto. Pemba ilikuwa kaya 1 tu kwa mia! Kumbe chumvi inayoanikwa juani kutoka maji ya bahari haibaki na iodini ya maana. Wapemba walikuwa wakila chumvi ya kwao, safi, ya bei nafuu, isiyo na kitu. Na wakati huo huo wanawake wa visiwani walikuwa wakilima mwani, jamii ya mimea inayofyonza iodini baharini, ukakaushwa na kusafirishwa nje ya nchi.

Mimi hapa ndipo ninapopata somo. Bara tuliwafikia watu wa milimani kwa sababu shingo zao zilionekana na vitabu vilitabiri hivyo. Pemba ilisahauliwa kwa sababu vitabu vilisema iko salama, na hakuna aliyekwenda kupima. Sayansi ya madaftari bila kwenda kijijini inaweza kumsahau mtu aliye mbele ya macho yako.

Na kazi haijaisha, kwa sababu upungufu huu hauna chanjo ya mara moja. Udongo wa Makete hautaota iodini kesho. Mzalishaji mdogo wa pwani mwenye mabwawa mawili ya chumvi anahitaji iodeti, kifaa cha kunyunyizia na mtu wa kumpimia, na vyote ni gharama kwake, wakati jirani yake anayeuza chumvi tupu anamshinda bei sokoni. Tukimwadhibu bila kumsaidia, atauza usiku. Tukimwacha, hasara ataibeba mtoto ambaye hajazaliwa, na hatajua kamwe alinyang'anywa nini.

Bibi alifariki na uvimbe wake. Wajukuu wake tuko kumi na saba, na hakuna hata mmoja mwenye rovu. Hatuli chakula bora sana kuliko alichokula yeye, na milima ni ile ile. Kilichobadilika ni chumvi.