Friji Ilianzia Kwenye Bia

Rafiki yangu hunishangaa nikisifu watu wanaotoboa friji ndogo ili waweke kegi ya bia ndani. Anasema ni kuharibu friji. Mimi nasema ni kuirudisha kwao.

Zamani watengenezaji wa bia ya lager kule Ujerumani walitegemea barafu iliyokatwa maziwani wakati wa baridi. Miaka ya 1870 mhandisi Carl von Linde akaunda mashine ya kupoza, akisaidiwa na Gabriel Sedlmayr wa kiwanda cha bia cha Spaten, Munich. Jikoni friji ilichelewa: Monitor Top ya General Electric ilitoka 1927.

Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter wa Marekani alitia sahihi sheria iliyowaruhusu watu kujitengenezea bia nyumbani bila kulipa ushuru. Baadaye kampuni za soda zilipoacha kegi zao za lita 19, watu hao wakazichukua. Friji ikatolewa rafu, kegi ikaingia na mtungi wa gesi, bomba likasimama juu.

Shida ni hilo bomba. Likipata joto, gesi hutoka kwenye bia na unamimina povu tupu. Dawa yake? Livishe sponji, kisha feni ya kompyuta kuukuu ilipelekee hewa baridi. Hapo ndipo mimi, mtu wa kompyuta, nanogewa.

Ila tahadhari: friji nyingi za sasa hutumia isobutani, gesi inayoshika moto. Usitoboe kabla ya kujua mirija yake imepita wapi.