Madini ya kwetu yaliondoka kwa ndege ya nani?

Wengi wetu humu ni watoto wa Kivu, au wazazi wetu ni wa huko. Juzi katika mazungumzo yetu kijana mmoja aliuliza swali ambalo hakuna aliyelijibu haraka: wakati wa vita barabara zilikuwa zimeharibika, sasa koltani ilifikaje Ulaya? Jibu fupi ni ndege. Jibu refu lina mengi ndani yake, na sehemu moja ni historia ya kampuni ndogo ya mizigo iliyoitwa DAS Air Cargo. Leo tunaisimulia.

Kampuni hiyo ilianza mwaka 1983, na mwanzilishi wake alikuwa rubani, Kapteni Joe Roy. Ilianza na Boeing 707, ndege ya injini nne ambayo mashirika makubwa ya abiria yalikuwa yanaiacha kwa sababu ilikula mafuta mengi na kelele zake zilizidi. Hapo ndipo mtu asiye na mtaji mkubwa alipata nafasi. Ndege kuukuu bei yake ni nafuu, na mzigo hauulizi viti vikoje. Makao ya kampuni upande wa Afrika yalikuwa Entebbe, Uganda, na Uingereza ilikuwa na ofisi karibu na uwanja wa Gatwick.

Biashara ya ndege za mizigo inaeleweka kirahisi tu. Kuja Afrika, ndege hubeba vipuri, dawa, mashine. Kurudi Ulaya, hubeba vitu vinavyoharibika haraka: minofu ya sangara wa Ziwa Victoria, maua, mboga. Shida ni kwamba ndege ikirudi nusu tupu, gharama ya safari haishuki sana. Kwa hiyo mwenye ndege kila siku anatafuta mzigo wa kujaza nafasi. Shikeni hilo, tutalirudia.

Kampuni ikakua. Baadaye ikapata DC-10, ndege ya injini tatu inayoweza kubeba zaidi ya tani 60 kwa safari moja. Hatutaki kulidharau jambo hilo. Kampuni ya Entebbe kurusha ndege kubwa namna ile hadi Ulaya, tuseme ukweli, ni kazi.

Halafu ikaja vita. Agosti 1998 vita vya pili vilianza kwetu, na majeshi ya Uganda na Rwanda yakaingia Kongo upande wa mashariki. Mwishoni mwa mwaka 2000 bei ya koltani iliruka mara kadhaa, kwa sababu viwanda vya simu na kompyuta vilikuwa vinaitaka sana. Kule kwetu watu waliacha mashamba wakaenda kuchimba. Mwaka 2001 bei ikaanguka tena, lakini vita haikuondoka nayo.

Umoja wa Mataifa uliunda jopo la wataalamu kuchunguza uporaji wa mali ya Kongo. Uganda nayo ikaunda tume yake, chini ya Jaji David Porter, ambayo kati ya mambo mengine iliangalia safari za ndege zilizotoka upande wa jeshi pale Entebbe. Oktoba 2002 jopo lilitoa ripoti yenye orodha ya kampuni 85 zilizodaiwa kukiuka miongozo ya OECD kuhusu mwenendo wa kampuni za kimataifa. DAS Air ilikuwa ndani ya orodha hiyo.

Baadaye shirika la haki za binadamu liitwalo RAID lilipeleka malalamiko kwa ofisi ya serikali ya Uingereza inayosimamia miongozo hiyo. Kesi ikakaa. Wakati huo kampuni yenyewe ilikuwa inayumba. Oktoba 2006 Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kuruka katika anga lake kwa sababu za usalama. Kwa kampuni inayoishi kwa kupeleka mizigo Ulaya, hapo umeshikwa koo. Machi 2007 marufuku iliondolewa, lakini nguvu hazikurudi. Septemba 2007 kampuni iliwekwa chini ya wasimamizi wa madeni, na habari yake ikaishia hapo.

Sasa oneni. Uamuzi wa malalamiko yale ulitoka Julai 2008, kampuni ikiwa imeshakufa. Ofisi ile ilisema DAS Air haikuchukua hatua za kutosha kujua madini iliyoyabeba kutoka Kigali na Entebbe yalitoka wapi. Ilisema pia kwamba kudai haikujua kuwa yangeweza kutoka mashariki mwa Kongo hakukubaliki, maana vita vile vilijulikana na dunia nzima. Lakini ofisi hiyo haina uwezo wa kutoza faini. Ilitoa karatasi, basi.

Lakini karatasi si bure kabisa. Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Uganda ilikuwa na makosa, na Februari 2022 iliiamuru iilipe Kongo dola milioni 325, ambapo milioni 60 ni za maliasili. Kesi kama hiyo husimama kwa sababu kuna watu walioandika: ndege gani, siku gani, mzigo gani. Sisi ambao tulipoteza vyeti vya shule na picha za harusi za wazazi njiani, tunajua thamani ya kitu kilichoandikwa.

Na turudi kwenye ile nafasi tupu ndani ya ndege. Hatuna ushahidi kwamba rubani aliamka asubuhi akasema, leo naenda kupora Kongo. Mzigo ulikuwepo, nafasi ilikuwepo, na swali moja halikuulizwa. Wengine kati yetu leo tunaendesha boda, tunapakia maroli, tunauza simu za mkononi zilizotumika. Sisi nasi tunaambiwa, beba tu, usiulize. Je, ukiuliza ukakosa hela ya siku hiyo, nyumbani watakuelewa?

Tuandikieni mnavyoona. Na kama nyumbani kuna mzee anayekumbuka ndege za miaka ile, kaeni naye, muandike anachosema, tarehe na mahali, kabla hajatutoka.